Nyumba Mpya, Mita Mpya: Namna ya Kuhoji Kodi ya Majengo Inayokatwa Kwenye LUKU

Siku umeme unapowaka kwa mara ya kwanza katika nyumba mpya ni siku ya furaha. Huwa ni tamati ya safari ndefu ya familia iliyojibana, ikinunua tofali mwaka huu na bati mwaka ujao. Kwa wakazi wa Madaba, mkoani Ruvuma, furaha hiyo imekaribia zaidi tangu mwaka 2018, pale njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, yenye kituo cha kupoza umeme hapo Madaba, ilipouunganisha mkoa na Gridi ya Taifa.

Hata hivyo, baada ya manunuzi ya kwanza ya umeme, wengi hujiuliza swali moja: "Nimelipa Sh 10,000, mbona uniti ni chache hivi?" Mara nyingi jibu ni kodi ya majengo. Makala haya yanaeleza kodi hiyo inavyokatwa, makosa yanayoweza kutokea kwa nyumba mpya, na hatua za kuchukua ili kosa lisahihishwe.

Kodi inayotozwa ni ipi?

Kodi ya majengo si jambo geni. Msingi wake ni sheria ya mwaka 1983 iliyozipa mamlaka za miji uwezo wa kutoza majengo. Kilichobadilika ni njia ya kulipa. Tangu mwaka 2021 kodi hii hukatwa kila mwezi mtumiaji anaponunua umeme kwa mita ya LUKU. Viwango vilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na Sh 5,000 kwa ghorofa. Kuanzia Julai 2023 vilipanda hadi Sh 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani Sh 18,000 kwa mwaka, na Sh 7,500 kwa mwezi kwa ghorofa, yaani Sh 90,000 kwa mwaka. Katika majiji, manispaa na miji, kiwango cha ghorofa huhesabiwa kwa kila sakafu. Mwenye ghorofa katika eneo la halmashauri ya wilaya, kama Madaba, ana haki ya kuomba aoneshwe hesabu yake imefanywa kwa msingi upi.

Jambo la kushika ni hili: kinachotozwa kodi ni jengo, mita ni njia ya kukusanyia tu. Shirika la Umeme (TANESCO) hukusanya kwa niaba ya Serikali. Likikata zaidi ya inavyopasa, aghalabu ni kwa sababu taarifa zilizoingizwa katika mfumo kuhusu mita yako hazifanani na nyumba yako ilivyo.

Soma risiti yako

Katika ujumbe wa LUKU, kodi hii huonekana kwenye mstari wenye maneno ya Kiingereza yanayomaanisha "deni lililokusanywa". Wapo wanaodhani ni deni la kuunganishiwa umeme, au la mtu mwingine aliyewahi kutumia mita hiyo. Kabla ya kulalamika, hakikisha ni kiasi gani kimekatwa na kwa miezi mingapi. Usiponunua umeme kwa miezi mitatu, kodi ya miezi hiyo hujilimbikiza na kukatwa kwa pamoja. Katika hali hiyo, kukatwa Sh 4,500 kwa nyumba ya kawaida si kosa.

Tuchukue mfano. Mtumiaji wa daraja la T1, ambako uniti imekuwa ikiuzwa Sh 292 kabla ya kodi na tozo, analipa Sh 10,000. Ikiwa nyumba yake imeandikwa kuwa ya kawaida, Sh 1,500 hukatwa kwanza na kubaki Sh 8,500. Ndani ya kiasi hicho mna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tozo ya nishati vijijini (REA) ya asilimia 3 na tozo ya EWURA ya asilimia 1. Umeme wenyewe ni wa Sh 6,967, takribani uniti 23.9.

Nyumba ileile ikiandikwa kimakosa kuwa ghorofa, hukatwa Sh 7,500 na kubaki Sh 2,500. Umeme wenyewe ni wa Sh 2,049, takribani uniti 7 tu. Tofauti ni Sh 6,000 kila mwezi. Kosa hilo likidumu miezi sita, mwenye nyumba atakuwa amelipa Sh 36,000 zaidi, sawa na kodi halali ya miaka miwili.

Makosa ya kuangalia katika nyumba mpya

1. Nyumba ya chini kuandikwa ghorofa.

2. Jengo moja kutozwa zaidi ya mara moja. Waliojenga nyumba yenye vyumba vya kupangisha huweka mita mbili au tatu ili kila mpangaji ajitegemee. Jengo likiwa moja, kodi ni moja. Mwenye nyumba anapaswa kutoa taarifa ili makato yabaki kwenye mita moja tu.

3. Mita isiyo ya nyumba kutozwa, kwa mfano mita ya pampu ya kisima au ya eneo la ujenzi ambapo jengo bado halijakaliwa.

4. Jengo lisilostahili kutozwa. Nyumba za udongo, za tembe na za nyasi zinazotumika kwa makazi zimesamehewa. Vilevile, si kila kijiji cha halmashauri ya wilaya kimo katika maeneo yanayotozwa. Uliza kama eneo lako limo.

5. Msamaha wa mwenye nyumba kutozingatiwa. Mtu mwenye umri wa miaka 60 au zaidi, na mtu mwenye ulemavu, asiye na chanzo cha mapato, husamehewa kwa nyumba moja anayoishi. Mfumo wa LUKU haujui umri wala hali ya mtu, hivyo msamaha huu huombwa. Kijana anayewajengea wazazi wake nyumba aiandikishe kwa jina la mmiliki halisi, la sivyo mzazi atakosa namna ya kuthibitisha kuwa nyumba ni yake.

Hatua za kuchukua

Kwanza, tunza ujumbe wa manunuzi matatu ya mwanzo. Usiufute. Andika pembeni namba ya mita, tarehe na kiasi kilichokatwa.

Pili, nenda ofisi ya TANESCO iliyo karibu nawe, uombe kuelezwa mita yako imeandikwa kwa aina gani ya jengo na kwa jina la nani. Swali hili moja huokoa safari nyingi.

Tatu, andika barua fupi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, na nakala kwa ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ya mkoa. Kwa mkazi wa Madaba ofisi hiyo ipo Songea, zaidi ya kilometa 100, hivyo ni vyema kukamilisha nyaraka kabla ya kupanda basi. Ambatanisha nakala ya kitambulisho, risiti za LUKU, picha ya nyumba inayoonesha jengo zima, na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Kama una kibali cha ujenzi au hati ya kiwanja, weka nakala. Anayeomba msamaha wa umri aongeze uthibitisho wa tarehe ya kuzaliwa.

Nne, omba mambo mawili kwa maandishi: taarifa za jengo zisahihishwe, na kiasi kilichozidi kirejeshwe au kifidiwe kwenye kodi ya miezi ijayo. Wengi huomba la kwanza na kusahau la pili.

Tano, hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Malalamiko ya mdomo hayaachi kumbukumbu.

Ikiwa lalamiko lako ni la huduma ya umeme yenyewe, kama vile bei ya uniti, daraja la matumizi au mita mbovu, lipeleke TANESCO kwa maandishi. Usiporidhika na majibu, unaweza kulifikisha EWURA.

Neno kwa wapangaji

Kisheria kodi ya majengo ni wajibu wa mwenye nyumba. Kwa kuwa mpangaji ndiye anayenunua umeme, ndiye hutangulia kuilipa. Kubalianeni tangu mwanzo, ikiwezekana ndani ya mkataba, kwamba kiasi hicho kitapunguzwa kwenye pango, na mpangaji atunze risiti zake.

Kulipa kodi halali ni wajibu wa kila mwenye jengo, na kuhoji kilichozidi si ukaidi. Ikague risiti yako ya kwanza. Kosa la mwezi mmoja ni rahisi kulisahihisha kuliko la miaka mitatu.