Si Uvivu, Huenda Ni Upungufu wa Chuma Mwilini

Je, una binti anayesakata kandanda katika shule ya bweni huko Kericho au Bomet? Mwaka wa 2024, wasichana wa Kenya wasiozidi umri wa miaka 17 walicheza Kombe la Dunia kule Jamhuri ya Dominika na kuilaza Mexico mabao 2-1. Bila shaka binti yako naye ana ndoto hiyo. Lakini baada ya majuma machache ya mazoezi aanza kusalia nyuma, ahema, kichwa chamuuma, na kocha amwita mvivu. Akiadhibiwa kwa kuzungushwa uwanja, aacha mchezo kabisa.

Kabla ya kumlaumu, mpeleke akapimwe damu. Madini ya chuma ndiyo yanayoiwezesha damu kubeba oksijeni hadi kwenye misuli. Msichana hupoteza chuma kila mwezi akiwa katika hedhi, ilhali mwili wake ungali unakua. Isitoshe, mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, hivyo mwili hulazimika kutengeneza chembe nyekundu nyingi zaidi. Kwa sababu hiyo, kipimo cha damu cha 12 ambacho kingetosha Mombasa huenda kisitoshe Kericho. Mkumbushe daktari jambo hili.

Sasa tuje kwa chai, na wenyeji wanisamehe! Majani ya chai yana tanini, ambayo hushikamana na chuma kilichomo katika mboga, maharagwe na nafaka, kisha chuma hicho kikapita tumboni bila kufyonzwa. Kuongeza maziwa hakuondoi shida hii. Je, aache chai? La hasha! Anywe saa moja au zaidi baada ya mlo. Anapokula githeri, au ugali kwa managu na sagaa, ateremshie kwa chungwa au pera, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa. Nyama kidogo, maini au omena vitamfaa zaidi.

Usimnunulie vidonge vya chuma kabla ya kupimwa, kwani vikizidi hudhuru. Akipewa na daktari, mweleze kocha kwamba nguvu hurudi baada ya majuma kadhaa, wala si siku mbili. Vidonge hivyo huweza kusokota tumbo na kufanya choo kiwe cheusi, hilo lisimtishe.