Karatasi za Shule Zisiishie Motoni

Kila muhula unapofika ukingoni, moshi hupanda nyuma ya majiko ya shule zetu nyingi. Kinachoteketea aghalabu ni karatasi: madaftari yaliyojaa, mitihani iliyokwisha kusahihishwa, makatoni ya vitabu. Karatasi hizo zimegharimiwa na mzazi, au na serikali ambayo mwaka wa 2003 iliondoa karo katika shule za msingi za umma.

Wapo wasemao kwamba tangu kiwanda cha Webuye kifungwe mwaka wa 2009 hatuna pa kuzipeleka. Hoja hiyo haina mashiko. Webuye ilitegemea magogo ya miti. Karatasi kuukuu zina soko lake. Chandaria ya Nairobi, mathalan, huzirejeleza kuwa karatasi za shashi.

Kikwazo halisi ni uzani. Tuchukue shule yenye wanafunzi 800, na tuseme kila mmoja humaliza madaftari 10 kwa mwaka, kila daftari gramu 100. Hizo ni kilo 800 kwa mwaka, yaani kama kilo 270 kwa muhula. Ni mnunuzi gani atakayetuma lori kwa mzigo huo? Lakini shule 20 za kaunti ndogo moja zikiunganisha mizigo yao, zitapata zaidi ya tani 5 kila muhula. Kwa hiyo naona si sawa kumwachia kazi hii mwalimu mmoja mwenye bidii na chama chake cha mazingira; akihamishwa, mradi nao huhama. Mahali pake ni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo, walimu wakuu wakikubaliana siku moja ya kupima na kuuza.

Neno "takataka", niruhusiwe kugusia taaluma yangu, halibagui, kiwanda hubagua. Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu taka inatutaka tutenge zinazooza na zisizooza, lakini karatasi zahitaji uangalifu zaidi ya huo. Kiwandani hurowekwa, zikavurugwa hadi zikawa rojo, rojo likachujwa, likashinikizwa na kukaushwa. Karatasi iliyofungiwa mandazi huharibu rojo kwa mafuta yake. Majalada ya nailoni sharti yavuliwe mapema, na mzigo uwekwe pakavu, juu ya mbao, usije ukaota ukungu. Isitoshe, nyuzi za karatasi hufupika kila zinaporejelezwa. Daftari haliwi daftari milele. Mwishowe huwa trei ya mayai. Basi mwanafunzi na aandike kwanza pande zote mbili, na madaftari ya marudio yasiguswe kabla ya mtihani.

Fedha ndizo zitakazoleta mtafaruku. Mizani isomwe mbele ya wanafunzi, kilo na shilingi zibandikwe kwenye ubao wa matangazo siku iyo hiyo, na wanafunzi wenyewe washauriwe kuhusu matumizi. Mimi ningependekeza madaftari mapya kwa wasio nayo.

Limebaki jambo moja ambalo huenda likapuuzwa. Mitihani na ripoti zenye majina zichanwe kabla ya kutoka shuleni, kwani si kila karatasi inayouzwa hufika kiwandani. Mtoto aliyepata alama 12 katika Hisabati hana haja ya kuikuta karatasi yake sokoni, imefungiwa njugu.