King'amuzi kinadai paswedi, na mteja keshalipa

Leo nawaletea kisa kilichonila hela, nyie kisiwale.

Nilipata mzigo wa ving'amuzi sita vilivyotumika, vile vya dishi vya chaneli za bure. Vilitoka gesti moja ya Gerezani iliyokuwa inafungwa. Elfu kumi na tano kila kimoja, jumla 90,000. Nikavijaribu palepale: vinawaka, picha ipo, rimoti zipo. Nikapiga picha, nikarusha stetasi. Cha kwanza akachukua mama mmoja wa Chalinze kwa 35,000, nikakituma kwa basi.

Kesho yake jioni, simu. "Mwanangu, hiki kidude kinaniuliza namba ya siri. Fundi wa dishi yuko juu ya bati na hela yake anaitaka."

Kumbe dishi lake limeelekezwa setilaiti nyingine, kwa hiyo fundi lazima aingie menyu ya usakinishaji abadilishe. Gesti walikuwa wameifunga ili wageni wasivuruge chaneli. Mimi nilijaribu picha tu, menyu sikuigusa.

Nikamwambia aweke 0000, ikigoma 1234, maana mashine nyingi hutoka kiwandani na mojawapo. Zote zikagoma. "Basi nirudishie hela yangu, usinifanye nikakuanika kwenye grupu." Na grupu lile ndilo lenye karibu wateja wangu wote.

Usiku ule nikahangaika na vitano vilivyobaki. Nikachomoa umeme mpaka asubuhi nikidhani vitasahau. Wapi! Namba ya siri inakaa kwenye kumbukumbu isiyotegemea umeme, ungechomoa hata mwaka. Nikajaribu kurejesha mipangilio ya kiwandani. Nako kunadai namba ileile. Hapo ndipo nikajifanya fundi. Sehemu ya kusasisha programu haikuwa imefungwa, nikapakua mtandaoni programu ya king'amuzi kinachofanana na changu, nikaweka kwenye flashi, nikachomeka. Kikafika katikati kikaganda. Nilipokiwasha tena, taa nyekundu tu.

Nikakibeba hadi kwa fundi mmoja Mtaa wa Msimbazi. Akacheka kwanza (mafundi wa Kariakoo mnawajua). Akanieleza kwamba ving'amuzi viwili vinaweza kufanana sura mpaka rimoti, ndani bodi ni tofauti. Modeli inaandikwa kwenye kibandiko chini ya kasha, na toleo la bodi na la programu unalikuta kwenye ukurasa wa taarifa za kifaa. Visipolingana na faili unayopakia, unakiua. Akakiunganisha na kompyuta kwa waya wa RS232, lile tundu la pini tisa kule nyuma, akapakia programu yake halisi. Elfu kumi. Kikaamka na namba 0000, ila chaneli zote zimefutika, inabidi kuzitafuta upya.

Nikamwambia basi afanye na vingine vinne. Akaniangalia.

"Mdogo wangu, aliyekuuzia ulimuuliza namba?"

Sikuwa nimemuuliza. Siku mbili nahangaika na simu ya meneja wa gesti ninayo! Nikampigia. "Ah, weka mwaka tuliofungua gesti," akanitajia. Vinne vikafunguka palepale kwenye meza ya fundi. Nikampigia mama wa Chalinze, akaweka, ikakubali. Nikamtumia elfu kumi ya kumwita tena fundi wake. Hajaniandika kwenye grupu, na mwezi uliofuata dada yake akanunua kimoja.

Siku hizi nikinunua kilichotumika, menyu ya usakinishaji naifungua mbele ya muuzaji. Ikidai namba, aitaje kabla sijatoa hela. Nikifika nyumbani nairudisha 0000, naiandika kwenye kipande cha selotepu chini ya kasha, halafu narekodi video fupi menyu ikifunguka. Video hiyo ndiyo naiweka kwenye tangazo. Kama nimerejesha mipangilio ya kiwandani namwambia mteja mapema kwamba chaneli zitatafutwa upya, apange hela ya fundi.

Vya kulipia kila mwezi ni habari nyingine. Vile vina akaunti yenye jina la mwenye navyo wa mwanzo, na kufungua menyu hakubadilishi jina. Kama muuzaji hayuko tayari kwenda nawe kwa wakala kuhamisha umiliki, mwachie king'amuzi chake.

Kile kilichokufa nilikiuza 30,000. Ukitoa 15,000 ya kununulia na 10,000 ya fundi, nilibaki na elfu tano, na nauli ya kwenda Msimbazi mara mbili sijaihesabu.