Shujaa na Mbabe: Sababu za Kupendwa kwa Bruce Lee

Neno "shujaa" na neno "mbabe" hutumiwa mara nyingi kana kwamba ni mapacha. Yote mawili humtaja mtu mwenye nguvu, asiyekimbia pigano. Hata hivyo msemaji hodari wa Kiswahili hayabadilishi ovyo. Mbabe ni mtu aliyetanguliwa na nguvu zake: hupiga kwa sababu aweza kupiga. Shujaa hupimwa kwa kipimo kingine, yaani lile jambo lililomfanya ainue mkono wake. Tofauti hii, ambayo lugha imeihifadhi bila ya kuitangaza, yatosha kuwa ufunguo wa suala moja la utamaduni wa kisasa: kwa nini wapiganaji wa filamu za Hong Kong, na hasa Bruce Lee, walipendwa mno katika Afrika ya Mashariki na watu wasiojua neno hata moja la Kichina.

Bruce Lee alizaliwa San Francisco tarehe 27 Novemba 1940, akalelewa Hong Kong. Baba yake alikuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni, na mwana mwenyewe aliigiza katika filamu tangu utotoni. Alifundishwa mtindo wa Wing Chun na Ip Man, akarejea Marekani mwaka 1959, na baadaye akasoma katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Mwaka 1967 aliupa mtindo wake jina la Jeet Kune Do, ambalo maana yake ni njia ya ngumi inayokatiza pigo. Sifa yake kuu imesimama juu ya filamu nne tu alizozikamilisha akiwa mhusika mkuu: The Big Boss ya 1971, Fist of Fury na The Way of the Dragon za 1972, na Enter the Dragon ya 1973. Alifariki tarehe 20 Julai 1973, naye ana umri wa miaka 32, kabla hiyo ya mwisho haijatolewa.

Maelezo yanayotolewa aghalabu ni kwamba watu walivutiwa na wepesi wake na umbo lake. Hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Wepesi wanao wengi. Chuck Norris, anayepambana naye katika The Way of the Dragon ndani ya magofu ya Colosseum mjini Roma, alikuwa bingwa wa karate katika mashindano halisi, si wa filamu tu. Ingekuwa uhodari wa viungo peke yake ndio hoja, mtazamaji angegawa mapenzi yake sawasawa baina ya wawili hao. Hafanyi hivyo. Akumbukacho ni kwamba mpinzani alipokwisha vunjika na kukataa kusalimu amri, Lee alisita, akamtazama kama amwombaye asiendelee. Na baada ya kumwua akaufunika mwili wake kwa vazi lake na mkanda wake, akapiga goti. Mbabe angeondoka akijipiga kifua.

Kusita huku ndiko kiini cha jambo. Katika The Big Boss, kijana Cheng anakwenda Siamu, yaani Thailand, kufanya kazi katika kiwanda cha barafu pamoja na binamu zake. Ameapa mbele ya mama yake kwamba hatapigana, na kidani alichovaa shingoni ni ukumbusho wa kiapo hicho. Kwa muda mrefu wa filamu hiyo mtazamaji aliyelipa kiingilio ili aone mapigano humwona mpiganaji amefumba mkono. Wenzake wanapigwa, wengine wanatoweka, yeye anashika kidani. Kidani kinapokatika ndipo pigo la kwanza linapotoka, nalo lina uzito ambao pigo lililotolewa mwanzoni lisingekuwa nao kamwe. Mtunzi wa filamu hiyo alijua, kama wajuavyo watambaji wa hadithi popote, kwamba hadhira haistahi nguvu inayotumika bali nguvu inayozuiwa.

Jambo hili si geni kwa mtu aliyekulia katika tendi za Kiswahili. Fumo Liyongo, katika utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913, ni mtu mwenye nguvu za kutisha, lakini sehemu inayopendwa kuliko zote si pigano. Ni ile ya gerezani. Mama yake anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Walinzi wanaudharau mkate huo na kuuacha umfikie. Naye anakata minyororo huku ngoma ya gungu ikichezwa nje ili mlio wa tupa usisikike. Liyongo anangoja. Mama yumo katika kisa cha Liyongo, na mama yumo katika kiapo cha Cheng. Haiyumkiniki kudai kwamba kisa kimoja kimetokana na kingine. Linaloweza kusemwa ni kwamba mtazamaji wa Lamu au Mombasa hakuhitaji mfasiri ili kumtambua mtu wa aina hii.

Katika Fist of Fury sababu ya kuinua mkono inapanuka kutoka jamaa hadi taifa. Kisa kinatokea Shanghai baada ya kifo cha mwalimu Huo Yuanjia, mtu wa kweli aliyefariki mwaka 1910. Wanafunzi wa shule ya Kijapani wanaleta ubao wenye maandishi ya kuwaita Wachina wagonjwa wa Asia. Chen, mwanafunzi wa marehemu, anaurudisha ubao huo kwa wenyewe, anawashinda wote, kisha anawalisha karatasi ya maandishi yale. Baadaye anazuiwa kwenye lango la bustani lenye tangazo linalokataza mbwa na Wachina kuingia. Tangazo hilo analivunja kwa teke akiwa hewani. Filamu za aina hii zilipoonyeshwa katika majumba ya sinema ya Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam katika miaka ya 1970, wengi wa watazamaji watu wazima walikuwa wameuona ukoloni kwa macho yao. Kuna waliokumbuka kipande shingoni na mitaa iliyogawanywa kwa rangi za watu. Kwao tangazo lile halikuwa habari ya Shanghai. Wazee na walimu waliolalamika kwamba picha za Kichina zinawafunza vijana ugomvi walikuwa na haki yao, kwani vijana huiga teke kabla hawajaiga sababu ya teke. Lakini waliliangalia teke tu, hawakuusoma ubao.

Lugha inatoa ushahidi mwingine, mdogo lakini wa maana. Kwa Kiswahili mtu hucheza karate. Neno karate lenyewe, ambalo ni la Kijapani, limepanuliwa na wasemaji wengi hadi likafunika kung-fu na mitindo mingine yote, na wataalamu wa michezo hiyo hulichukia tendo hilo. La kutazamwa zaidi hapa ni kitenzi. Kucheza ndicho kitenzi cha ngoma, cha mpira, cha mchezo wa kuigiza. Ni kitenzi cha kirumbizi pia, mchezo wa fimbo wa pwani, ambapo wanaume wawili hutoka ndani ya duara la watazamaji, wakapigiana na kukingiana kwa kufuata mdundo. Mchezaji bora wa kirumbizi hasifiwi kwa kumjeruhi mwenzake. Asifiwa kwa madaha, kwa kuijua ngoma, na kwa fimbo inayosimama pale inapotakiwa isimame. Yaelekea kwamba wasemaji walipochagua kitenzi hiki walikuwa karibu na ukweli kuliko walivyodhani. Bruce Lee, mwana wa mwigizaji wa opera, alikuwa mshindi wa mashindano ya dansi ya cha-cha ya Hong Kong mwaka 1958. Miguu iliyostaajabiwa katika Enter the Dragon ilikuwa imefundwa sakafuni mwa dansi kama ilivyofundwa katika chumba cha mazoezi. Alicheza, kwa maana zote za neno.

Jackie Chan, aliyezaliwa Hong Kong mwaka 1954 na kulelewa katika shule ya opera ya Kipekini, anastahili kutajwa kwa sababu anapendwa kwa njia iliyo kinyume kabisa. Alianza kama mwigizaji wa hatari asiye na jina, hata katika Fist of Fury yenyewe, na alipata sifa kwa Drunken Master ya 1978. Yeye si mtu wa utendi. Ni wa ngano. Hukimbia, hujificha nyuma ya viti, hupigana kwa ngazi na benchi, huumia mkono akaupulizia. Mtu angependa kumlinganisha na Abunuwasi, na ulinganisho huo unafaa hadi mahali fulani tu. Abunuwasi humshinda mwenye nguvu bila ya yeye kupata hata mkwaruzo. Chan humshinda kwa kugharimika mwili, na mwishoni mwa filamu zake nyingi huonyesha picha za ajali zilizotokea kazini ili mtazamaji aone kwamba maumivu hayakuwa ya kuigiza. Kinachostahiwa kwake ni jasho. Mtu asiyeweza hata kidogo kujiona katika nafasi ya Lee hujiona kwa urahisi katika nafasi ya Chan, na hilo laeleza kwa nini mapenzi yake yana kicheko, ilhali mapenzi ya Lee yana kimya ndani yake.

Filamu hizi zilipata maisha mapya pale watambaji walipoanza kuzisimulia kwa Kiswahili katika vibanda vya video na katika kanda, kama alivyofanya Lufufu nchini Tanzania na kama afanyavyo DJ Afro nchini Kenya. Kazi yao si tafsiri. Mtambaji huwapa wahusika majina, hutia methali, hukejeli, na huyajaza mapigano tanakali za sauti ambazo mwanaisimu yeyote angefaidika kuzikusanya. Katika istilahi ya watazamaji wa aina hii, hasa Tanzania, mhusika mkuu huitwa stelingi, neno lililotwaliwa kutoka matangazo ya Kiingereza ya majina ya waigizaji na kugeuzwa kuwa cheo. Stelingi ana sheria zake. Iliyo kuu ni kwamba hafi.

Fist of Fury inaivunja sheria hiyo, au inakaribia kuivunja. Chen anajitoa ili shule yake isalimike, anatoka nje, anakuta bunduki zimemwelekea, anazikimbilia na kuruka. Hapo picha inasimama. Milio ya risasi inasikika, lakini mwili hauanguki. Miguu imebaki hewani. Liyongo naye, alipokwisha chomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba, alikwenda kisimani, akapiga goti, akaweka mshale katika upinde, akafa hivyo. Na watu wa mji walishindwa kuteka maji kwa kuwa hakuna aliyethubutu kusogea ahakikishe. Ndiyo maana vijana waliotoka kutazama Fist of Fury wangeweza kubishana njia nzima hadi nyumbani kama stelingi amekufa au hakufa, na kila upande ukawa na hoja.