Nani Alitoa Upepo?

Msimu wa mvua ukiingia Bunia, bishano moja hurudi uwanjani. Mpira ulikuwa mgumu kabla ya wingu kupasuka, ukawa laini baada ya mapumziko, na timu iliyofungwa inaapa kwamba kuna mkono wa mtu. "Banatosha upepo!" Wengine huenda mbali zaidi na kutaja dawa. Nafundisha fizikia, na shutuma hii naichukua kwa uzito wote, kwa sababu inaweza kuwa ya kweli na inaweza pia kuharibu jina la kijana asiye na kosa. Kuna njia ya kuipima.

Tuanze na sheria. Sheria ya 2 ya kandanda inataka mpira uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70, uzito wa gramu 410 hadi 450 mechi inapoanza, na mgandamizo wa upepo kati ya atmosfia 0.6 na 1.1. Atmosfia moja inakaribia sana bari moja, ile inayosomwa kwenye kipima upepo cha pampu. Angalia jinsi nafasi hiyo ilivyo pana. Mpira wa 0.65 na mpira wa 1.0 yote miwili ni halali, ingawa mguu unahisi tofauti kubwa. Kwa hiyo anayesema "huu mpira ni laini" bado hajathibitisha udanganyifu wowote.

Sasa mvua. Upepo uliofungiwa ndani ya mpira hupungua nguvu unapopoa, hata kama hakuna chembe iliyotoka. Tuseme mpira umejazwa hadi bari 0.65 ndani ya stoo ya mabati yenye joto la nyuzi 30. Mvua inanyesha, mpira unalala kwenye majani mabichi, joto lake linashuka hadi nyuzi 18. Kwenye mwinuko wa Bunia, karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, hewa ya nje inasukuma kwa bari 0.87 hivi. Ukifanya hesabu ya gesi, kipimo kitasoma takriban 0.59. Mpira ulioingia uwanjani halali umekuwa haramu, na hakuna aliyeigusa vali. Mtu aliyeujaza hadi 0.85 angepoteza kiasi kinachokaribia hicho hicho na bado angekuwa salama kabisa. Ndiyo maana nawasihi watunza vifaa: siku ya mawingu msijaze mpira ukingoni mwa chini.

Mwinuko nao una neno lake. Kipima upepo hakisomi nguvu yote iliyo ndani. Kinasoma tofauti kati ya ndani na nje. Timu ikijaza mpira Kasenyi, kando ya Ziwa Albert, kwenye mita 620 hivi, kisha ikapanda nao Bunia, hewa ya nje inakuwa nyepesi na kipimo kinapanda kwa karibu bari 0.07. Lakini Bunia ni baridi kuliko ziwani, na baridi inarudisha sehemu ya kile mwinuko ulichoongeza. Wageni wakifika na mpira wao na ukaonekana mgumu kidogo, tafadhali wasiitwe wezi kabla ya hesabu hii kufanywa.

Kesi maarufu zaidi ya aina hii ilitokea Marekani, katika kandanda yao ya mikono. Tarehe 18 Januari 2015, New England Patriots waliifunga Indianapolis Colts 45 kwa 7, kisha wakatuhumiwa kupunguza upepo ili mipira ishikike vizuri. Kanuni yao ilidai pauni 12.5 hadi 13.5 kwa inchi mraba. Mapumziko, mipira yao ilipimwa ikawa karibu na 11. Joto la nje lilikuwa nyuzi 9 hivi. Fizikia peke yake ilitosha kuishusha mipira ya 12.5 hadi takriban 11.3. Kilichobaki kubishaniwa kilikuwa kidogo, na hakikuweza kuamuliwa vizuri, kwa sababu vipimo vya kabla ya mechi havikuandikwa, vipima upepo viwili vilivyotumika havikukubaliana, na mipira ya Colts iliyopimwa ilikuwa 4 tu dhidi ya 11 ya wapinzani. Hata hivyo klabu ilitozwa faini ya dola milioni 1, na mrushaji wake mkuu, Tom Brady, akafungiwa mechi 4. Mimi naona adhabu ile ilikuwa kubwa kuliko ushahidi wake.

Kwetu gharama ya shutuma imewahi kuwa ya damu. Septemba 2008, Butembo, katika mechi ya Nyuki System na Socozaki, kipa alituhumiwa kutumia uchawi. Vurugu zikazuka, watu wakakanyagana, na wapatao 13 wakafa, wengi wao vijana. Uchawi haupimwi na chombo chochote, na hapo ndipo hatari yake ilipo: anayeshutumiwa hana namna ya kujitetea. Upepo wa mpira unapimwa. Nahodha mwenye shaka anaweza kumwomba mwamuzi aupime mbele ya manahodha wote wawili, na chini ya sheria hakuna anayeruhusiwa kuubadilisha mpira bila idhini ya mwamuzi huyo.

Ombi langu kwa viongozi wa Entente ya mji, chama kinachosimamia soka yetu, ni dogo. Kipima upepo kimoja, kilekile, kwa mipira yote. Kipimo kabla ya mechi, kingine mapumziko mpira ukiwa bado na baridi ya uwanja, na namba zote ziandikwe kwenye karatasi ya mechi pamoja na saa na hali ya hewa. Mpira ukipungua kwa 0.06 baada ya mvua, huo ni ubaridi. Ukipungua kwa 0.2 jua likiwaka, kuna tundu au kuna mtu, na hapo tone la mate juu ya vali huanza kuonyesha: likitoa mapovu, vali inavuja. Mara nyingi vali hiyo imechanwa na sindano ya pampu iliyosukumwa ikiwa kavu. Ilowesheni kwanza.