Kliniki ya dukani: Kwa nini wengi Migori na Homa Bay huanzia kwa muuza dawa

MTOTO anapopandwa na joto usiku kijijini Ndhiwa au viungani mwa mji wa Rongo, mzazi hupambazukiwa na uamuzi mmoja: apange foleni katika zahanati ya serikali au aende moja kwa moja kwenye duka la dawa. Wengi huanzia dukani.

Sababu si ngumu kueleweka. Duka hufunguliwa mapema na kufungwa usiku. Muuzaji humfahamu mteja, pengine hukubali kumkopesha, au humuuzia kwa kadiri ya fedha alizo nazo. Huduma ya zahanati yaweza kuwa ya bure, lakini nauli ya bodaboda si ya bure. Isitoshe, baada ya kusubiri kwa saa nyingi, mgonjwa huenda akaandikiwa dawa ambazo hazipo, akanunue huko huko dukani.

Nchini Marekani, kiu kama hii ya huduma ya haraka ilizaa kliniki ndani ya maduka. Mwaka wa 2000, vyumba vidogo vilifunguliwa katika maduka ya eneo la Minneapolis, wauguzi wakitibu maumivu ya koo na maradhi mengine mepesi bila miadi. Wateja walizipenda, ingawa biashara yenyewe haikuwa rahisi: mnamo 2024 kampuni ya Walmart ilitangaza kufunga vituo vyake vyote 51.

Tofauti ni kwamba muuguzi wa huko ana idhini ya kutibu. Nchini Kenya, Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, huruhusu duka kuuza dawa chini ya mfamasia au mteknolojia wa dawa aliyesajiliwa. Leseni hiyo si ya kudunga sindano wala kumtundikia mgonjwa dripu katika chumba cha nyuma.

Malaria ndiyo inayodhihirisha hatari iliyopo. Mnamo 2010, mpango wa kimataifa wa ruzuku ulishusha bei ya dawa mseto, zilizotambulika kwa nembo ya jani la kijani, hadi Sh40 zilizopendekezwa kwa dozi. Hiyo ilikuwa nafuu kubwa kwa maskini. Hata hivyo, bei nafuu haimwambii muuzaji mteja anaugua nini. Katika uchunguzi wa kitaifa wa 2020, watoto 19 kati ya kila 100 waliopimwa ukanda wa ziwa walikuwa na vimelea vya malaria. Kiwango hicho ni cha juu mno kikilinganishwa na maeneo mengine, lakini pia chaonyesha kwamba si kila homa ni malaria. Nimonia ikitibiwa kama malaria, siku zinazopotea zinaweza kugharimu uhai.

Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani limependekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza. Kipimo cha haraka huhitaji tone la damu ya kidole na majibu hutoka kwa takriban dakika 20.

Mteja ana haki ya kuiona leseni ya duka. Akithibitishiwa malaria isiyo kali, asikubali kuuziwa nusu dozi: dawa mseto inayotumiwa zaidi humezwa mara mbili kwa siku kwa siku 3, hata joto likishuka. Mtoto anayepatwa na degedege, anayetapika kila kitu au asiyeweza kunyonya apelekwe hospitalini mara moja, bila kupitia dukani.