Ukiinua nyuma ya kamyoneti nyumbani, usiache sheria za garaji kazini



Katika site zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, Jumapili si vigumu kuona kamyoneti iliyoinuliwa ndani ya lupango, magurudumu ya nyuma yametolewa, na miguu ya mtu inatokea chini yake. Mara nyingi mwenye motokari anataka kitu kimoja: nyuma iwe juu zaidi. Anabeba makala kutoka porini, mahindi ya shamba, simenti ya kujengea nyumba, na kila safari nyuma inalala hata mipira inakwaruza bodi. Basi anatafuta bamba la resori ya kamyo kubwa, au vipande vya chuma vya kuweka kati ya resori na ponti, na anaanza kazi mwenyewe pamoja na vijana wa jirani.

Sisemi mtu asitengeneze motokari yake. Wengi wenu mnajua mekaniki kuliko mimi. Mimi kazi yangu ni majeraha. Lakini angalieni jambo hili. Mtu yule yule ambaye kazini hawezi kuingia chini ya mashine bila kuizuia na kuitegemeza, nyumbani anaingia chini ya motokari iliyosimama juu ya kriki peke yake. Viatu vya chuma, miwani na sheria, vyote amevivua langoni.

Kwanza ujiulize: sababu gani nyuma imeshuka? Ingia ukaangalie resori kwa taa. Pengine bamba moja limevunjika, au mabamba yote yamechoka na kunyooka. Hapo dawa ni kuweka resori mpya ya kipimo kile kile, si kuinua. Na kama resori ni nzima, basi motokari inakuambia kwamba mzigo ni mwingi. Mifuko 20 ya simenti ya kilo 50 ni tani 1. Kwa kamyoneti nyingi huo ndio mwisho, na nyingine haziufikii. Ukiongeza bamba, resori inakuwa ngumu, lakini freni, ponti, mipira na buloni za magurudumu zimebaki zile zile. Nyuma iko juu, macho yanafurahi, na uwezo wa kubeba haukuongezeka hata kilo moja.

Kama hata hivyo umeamua kufanya kazi hii, tuzungumze juu ya kriki.

Kriki ni ya kunyanyua. Si ya kushikilia. Ile ya mafuta inaweza kushuka polepole kwa sababu mpira mmoja wa ndani umechakaa, na wewe uliye chini huoni. Ile ya kuzungusha inaanguka upande mtu akivuta ufunguo kwa nguvu. Na ardhi ya lupango si saruji ya garaji: wakati wa mvua udongo wetu mwekundu unalainika, kriki inazama mguu mmoja, motokari inainama. Weka ubao mpana na mnene chini ya kriki. Ukiisha kunyanyua, weka miguu ya chuma ambayo garaji tunaiita shandeli, miwili, chini ya shasi, kisha shusha motokari mpaka ikae juu yake. Kriki nyingine ishike ponti, kwa maana ukifungua etriye za resori ponti nayo inataka kuanguka. Kabla ya kuingia, sukuma motokari kwa mkono. Ikitikisika, usiingie.

Matofali hapana. Tofali la kuchoma linabeba nyumba kwa sababu uzito umetawanyika juu ya ukuta mzima. Ukiweka chuma cha shasi juu ya tofali moja, linapasuka ghafula bila kutoa alama. Gogo lililokaa nje ambalo mchwa umekwisha kulila ndani, ni hivyo hivyo. Rimu zilizopangwa moja juu ya nyingine nimeziona pia, nazo zinateleza.

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri wanalisahau. Katika kamyoneti nyingi freni ya mkono inashika magurudumu ya nyuma tu. Vitesi navyo, kama motokari inavutwa na nyuma, vinashika magurudumu yale yale. Sasa wewe umeyanyanyua hewani! Basi hakuna kitu kinachoizuia motokari isitembee, isipokuwa yale unayoyaweka mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele. Weka kale za mti mgumu au mawe makubwa pande zote mbili, kabla ya kugusa kriki. Na chagua mahali tambarare. Lupango lenye mteremko si mahali pa kazi hii.

Resori yenyewe ni mnyama aliyefungwa. Mabamba yamebanwa na buloni ya katikati, na kila bamba linataka kurudi katika umbo lake. Ukiifungua buloni hiyo bila kuyabana mabamba kwa vibanio viwili vya nguvu, yanaruka, na mara nyingi uso wa fundi uko karibu, kwa sababu ameinama aone. Meno na taya ndivyo vinavyopokea. Kutu nayo inaanguka machoni. Miwani ya kazi haina uzito, ivae. Tena usichome bamba la resori kwa umeme ili kuliunganisha au kulirefusha. Moto unaondoa ugumu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani, na pale palipochomwa ndipo patakapovunjika, pengine njiani watu wakiwa juu ya mzigo.

Motokari iliyoinuliwa haiendi kama zamani. Chini ya kamyoneti nyingi kuna mkono mdogo wa chuma unaounganisha ponti na chombo cha freni. Nyuma ikishuka kwa mzigo, mkono huo unaruhusu freni za nyuma zipate nguvu zaidi. Ukiinua bodi, mkono unafikiri motokari ni tupu, hata kama umebeba tani, na freni za nyuma zinapungua nguvu. Lazima fundi aupime upya. Tiyo ya mpira ya freni nayo iangaliwe: ikivutika kama kamba, itakatika kwenye shimo la kwanza. Kardani inapata pembe mpya na inaweza kutetemeka. Taa za mbele zinatazama chini. Na mzigo ukiwa juu zaidi, kona inakuwa hatari zaidi. Wamama wanaorudi kutoka shamba wakikaa juu ya magunia wajue hilo. Mahali pao ni ndani, na kama hakuna nafasi, wangoje motokari nyingine.

Sasa nije kwenye kazi yangu. Usifanye kazi hii peke yako, na watoto wasiwe karibu. Mtoto anapenda kutambaa chini amwone baba. Mtu mzima mmoja asimame nje, kriki ya pili karibu naye. Nasema kriki ya pili kwa sababu ya kipimo kimoja: mtu aliyebanwa kifua hawezi kuvuta pumzi, na baada ya dakika 4 hivi bila hewa ubongo unaanza kuharibika. Hakuna nafasi ya kwenda kuazima kriki kwa jirani.

Motokari ikimwangukia mtu, inyanyue mara moja kwa kriki hiyo, weka magogo au rimu kila inapopanda ili isirudi chini, ndipo umtoe. Usimvute kwa mikono akiwa bado amebanwa. Mtoe ukinyoosha kichwa, shingo na mgongo pamoja, umlaze juu ya mlango au ubao mpana. Damu ikitoka sana, bana kidonda kwa kitambaa safi, kwa nguvu, bila kufungua kila mara kutazama. Usiweke esansi, usiweke mafuta ya motokari. Usimpe chakula wala kinywaji, kwa maana labda munganga atampasua.

Na uangalie saa. Mguu au paja likibanwa muda mrefu, nyama iliyopondwa inatoa sumu, na uzito ukiondolewa sumu hiyo inaingia katika damu, inasumbua moyo na mafigo. Usimwache amebanwa kwa kuogopa hilo. Mtoe, lakini asitembee, hata akisema yuko mzima. Lopitali siku hiyo hiyo. Mwambie infirmye saa ngapi alibanwa na saa ngapi alitoka. Mkojo ukiwa kama chai nyeusi, sema pia.

Kitu kikiingia jichoni, usisugue. Osha kwa maji safi mengi. Kama chuma kimechoma jicho, usikichomoe wala usiminye. Funika jicho bila kuligandamiza, mje dispanseri. Na kidonda chochote cha chuma chenye kutu na udongo, hata kama ni kidogo, kinaweza kuleta pepopunda. Osha kwa maji na sabuni, uje siku hiyo na karatasi yako ya chanjo, tuone tarehe ya sindano ya mwisho.